Ndoana, Nyuzi na Mama Mkwe

Mama mkwe alipotua Irving, Texas, mimi nilihama nyumbani kwangu. Sikufukuzwa, tuelewane. Nilihama kwa adabu zangu, na begi la nguo, mswaki na redio ndogo, nikavuka maegesho ya magari hadi kwa jirani yangu Mkongomani, nikawa nalala kwenye kochi lake. Kwetu Waluhya, mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Sasa Irving haina vichaka. Ina barabara za njia sita, ndege zinazopita juu ya paa kutwa nzima, na ile nyumba yetu ya kupanga ya vyumba viwili, ambayo ukipiga chafya jikoni aliye chumbani anakwambia afya.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, wakati wa kupiga simu nyumbani kwa kadi za kukwaruza. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mtoto akaja kabla ya wakati wake, na kidonda cha mama yake kikakataa kupona. Daktari alimkataza kunyanyua kitu, kuinama, hata kusukuma toroli la dukani. Mimi nilikuwa dereva wa basi dogo la abiria wa uwanja wa ndege, zamu ya kuanzia saa nane mchana, na kazi zile ukikosekana mara mbili unakuta jina lako limefutwa ubaoni. Huku hatukuwa na shangazi wala binamu. Tulimwomba mama mkwe aje, naye akakubali kwa sharti moja, alilolitamka polepole kwenye simu ili hata kadi ikiisha liwe limeshafika: "Siku adabu itakapovunjika, siku hiyohiyo mnanirudisha kwangu."

Basi ukitaka kujua kwa nini mwanamume mzima, mwenye leseni ya kuendesha basi, alikuwa anashinda kwenye kibaraza cha nyumba yake mwenyewe, sababu ndiyo hiyo. Mama akiondoka, mke wangu angebaki kila siku peke yake na kidonda kibichi na mtoto wa kilo mbili. Ningeambiwa niishi juu ya mti ningeuliza ni mti gani.

Hicho kibaraza nacho kilikuwa na kesi yake. Wazee wa pande zote mbili walikaa kikao, wao Kakamega, mimi kwenye simu, dakika zinateremka. Swali lilikuwa: kile kibaraza cha nyuma, chenye ukuta wa matofali unaofika kiunoni na mlango wa kioo wa kusukuma, ni ndani ya nyumba au ni nje? Mjomba mmoja akauliza kama kina paa. Nikasema ndiyo, paa ni sakafu ya jirani wa juu. Akauliza huyo jirani ni wa ukoo gani. Nikamwambia ni Mmeksiko. Nikawasikia wananong'onezana. Mwishowe wakaamua kwamba kwa kuwa paa ni la mtu mwingine, kibaraza ni nyumba nyingine, na mkwe anaweza kukaa hapo mchana bila kosa. Tukatundika pazia zito kwenye kioo, mama akawa upande wake na mimi upande wangu.

Kwa vile sikuweza kupita sebuleni, nilikuwa naingia kibarazani kwa kuruka ukuta. Asubuhi naruka kuingia, saa saba naruka kutoka, na sare ya kazi, na tai. Baada ya wiki mbili meneja wa nyumba akaniandikia barua kwamba kuna mwanamume ameonekana mara kwa mara akiruka ukuta wa nyumba yangu, nichukue tahadhari. Mke wangu alicheka mpaka akashika kidonda na kunitukana kwa kumchekesha.

Mama hakunisemesha, wala mimi sikumsemesha. Alimtumia mtoto. Mtoto mwenyewe shingo haijakaza, lakini alishapewa kazi ya ukarani. "Mjukuu wangu," nasikia nyuma ya pazia, "mwambie baba yako maziwa yamekwisha, na yale aliyoleta jana yalikuwa maji matupu." Nami najibu, "Mwanangu, mwambie nyanya nitaleta mengine." Na pazia linasema, "Mwambie yenye kifuniko chekundu. Ana macho, ayatumie."

Nakiri kwamba iliniuma. Mila ni mila, nimezaliwa ndani yake, lakini nilikuwa na yangu moyoni: niliamini mama huyu hanipendi. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao na wazee wangu, alichungulia kutoka jikoni, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akarudi ndani bila hata kumalizia kichwa. Sasa huku Texas, ambako Waluhya wenzangu walikuwa wanakula na mama wakwe zao meza moja na kuangalia nao televisheni, yeye alikuwa ameshika mila kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, huyu anafurahia. Amepata njia ya heshima ya kutoniona.

Jirani yangu Mkongomani alikuwa mtu wa Uvira, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, kazi yake kupanga makatoni kwenye bohari usiku, familia yake bado iko kambini inasubiri makaratasi. Aliniona siku tatu mfululizo nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama pazia. Siku ya nne akaja na boksi la viatu, akalitua juu ya ukuta.

"Ndugu," akasema, "mutu akikaa vile anapata wazimu. Kamata."

Ndani mlikuwa na ndoana ndogo zenye vichwa vya madini ya risasi, kila kichwa hakizidi punje ya mbaazi, manyoya laini ya bata mzinga yaliyotiwa rangi, vigurudumu vya uzi, na kijiriwa cha kubania ndoana mezani ili mikono yote miwili ibaki huru. Alifundishwa na mzee mmoja wa Kiteksasi kule bohari. Chambo chenyewe wanakiita jigi. Huweki mnyoo wala dagaa. Unafunga mkia wa manyoya nyuma ya kichwa cha risasi, unazungushia uzi mnene uwe mwili, unakaza shingo, unapiga fundo, unadondoshea tone la rangi ya kucha ili fundo lisifunguke. Ukikiteremsha majini, manyoya yanafunguka na kufumba, na samaki anayeitwa krapi, mpana, mwenye madoadoa meusi na mdomo mwepesi kuchanika, anakuja kukionja akidhani ni kisamaki.

"Hii samaki inapenda kitu kidogo," jirani akaniambia. "Kitu ya polepole. Hapana kufanya nguvu."

Sasa mimi ni mtu wa nguvu. Nikikaza uzi unakatika, nikilegeza manyoya yananyofoka yanaruka mpaka kwenye chai. Jigi langu la kwanza lilikuwa kama kifaranga aliyenyeshewa. La pili lilikuwa kama yule wa kwanza amezikwa na kufukuliwa. Jirani aliligeuzageuza, kisha akasema labda litashika kambale kipofu. Jumamosi tukaenda ziwa la Grapevine, tukasimama karibu na gati ambako miti imezama, kwa sababu krapi hukaa kwenye matawi. Yeye alivua kumi na mmoja. Mimi nilivua tawi, na kofia ya mtu.

Nikarudi nimenuna. Nilikaa kibarazani nikalaumu kila kitu: manyoya, kijiriwa, macho yangu, serikali. Nikaamua tatizo ni uzi. Uzi wa lile boksi ulikuwa mbaya, basi. Na hapo ndipo nilipoona, chini ya mlango wa kioo, ncha ya uzi wa pamba, kijani cha ndimu kinachong'aa, umechungulia upande wangu.

Lazima nikueleze kwamba mama alikuwa mfumaji. Alikuja na sindano yake ya kulabu na mabunda ya nyuzi yaliyojaza nusu ya sanduku, na tangu alipofika alikuwa anafuma vitambaa vya kufunika makochi yetu. Makochi mawili tu tulikuwa nayo, lakini mama alifuma kana kwamba tunafungua hoteli. Mimi nilidhani ule ni mkia wa uzi uliokwisha. Nikauvuta kidogo. Ukaja. Nikavuta tena. Ukaja vizuri, laini kabisa, nikawa nazungushia kidoleni huku napiga mluzi. Nilivuta mpaka nikahisi kitu upande wa pili kinatambaa sakafuni, kisha kikagonga kioo.

Halafu nyuma ya pazia nikasikia sauti ya mama, ya upole wa kutisha, ikimwambia mtoto: "Mjukuu wangu. Nyumba hii ina panya anayekula kitambaa cha siku tatu."

Unafanyaje? Kuingia kuomba msamaha siwezi. Kukaa kimya ni kukosa adabu, na kukosa adabu ni tiketi ya kurudi. Nilitoka jasho, wallahi. Nikasema, "Mwanangu, mwambie nyanya huyo panya anajuta sana. Alikuwa anatafuta uzi wa kufungia ndoana." Mke wangu, aliyekuwa kitandani, nikamsikia akilia kwa kicheko na kusema aah, kidonda changu, nyamazeni.

Nilikwenda kazini siku ile nikijua nikirudi nitakuta masanduku mlangoni. Asubuhi yake nikaruka ukuta, nikakuta kizingitini kuna mfuko wa plastiki. Ndani mna vipande vya nyuzi, vimepangwa kwa rangi, kila rangi imefungwa fundo lake: kijani cha ndimu, waridi, nyeupe, nyeusi. Na sauti ikasema, "Mwambie baba yako akitaka uzi aombe. Panya hatuwezi kuwafuga."

Kuanzia hapo kibaraza kikawa karakana. Nilifunga ndoana kwa pamba ya mama na manyoya ya jirani, na nikimaliza naziweka kizingitini zikauke. Nikatoka kidogo kwenda kunywa maji kwa jirani, nikarudi nikakuta zimekazwa upya. Si moja, zote. Fundo langu, lililokuwa nene kama goti, limefumuliwa, na badala yake kuna vizungusho saba vidogo vimelala sambamba, na ncha imefichwa ndani isionekane. Kesho yake nikaweka sita, nikaondoka makusudi, nikarudi zimekazwa. Siku ya tatu pazia likaongea: "Mjukuu, baba yako anakaba uzi kama anakaba mwizi. Mwambie azungushe kwanza, akaze mwisho."

Nikazungusha kwanza, nikakaza mwisho. Ikakubali! Nilitaka kugonga kioo nimwonyeshe, nikajikumbuka, nikaishia kuruka ukuta kwenda kumwamsha jirani aliyetoka kazini alfajiri. Aliangalia lile jigi kwa jicho moja, akasema, "Hii si yako. Hii ni ya mama," akageukia ukutani.

Jumamosi ile Grapevine, kwa jigi la kijani cha ndimu, nilivua krapi kumi na wanne waliotimiza urefu wa sheria, na wengine wadogo nikawarudisha. Jirani alivua wanane, akaanza kuniuliza kwa adabu kama mama anaweza kumpa naye kidogo ya ile rangi. Niliwapeleka samaki kizingitini kwenye ndoo, wamepaliwa magamba. Nilisikia ndoo ikiburutwa ndani. Nikasikia mafuta. Saa sita sahani ikapitishwa chini ya pazia, ugali na samaki wawili wa kukaangwa, vichwa vyao viko mahali pake, na mchuzi wa nyanya pembeni. Nilikula upande wangu wa kioo, wao upande wao. Mke wangu alisema kwa sauti kwamba hajala samaki mtamu hivi tangu aje Marekani, na nilijua alisema kwa sauti ili sote wawili tusikie.

Wiki zikaenda hivyo, Machi mpaka Mei. Mtoto akaongezeka mashavu. Kidonda kikaanza kujifunga upande mmoja, lakini upande wa pili bado kilikuwa kinatoa maji, na kila Jumanne ilibidi kipelekwe kliniki kusafishwa.

Jumanne moja jirani akajitolea kumpeleka mke wangu, kwa sababu gari letu dogo lilikataa kuwaka. Mtoto naye akaenda nao, kabebwa na jirani, maana alikuwa na miadi yake ya sindano. Nikabaki kibarazani, mama akabaki ndani, na baina yetu hapakuwa na mtu wa kumtuma. Ilikuwa mara ya kwanza.

Nilikuwa nazungusha uzi niliposikia mkasi ukianguka jikoni. Halafu pumzi ikavutwa kwa meno. Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

"Wewe themosi," sauti ya mama ikasema nyuma ya pazia.

Themosi ya chai ilikuwa kizingitini, ndani kidogo ya mlango, ninapopokelea chai yangu kila asubuhi. Nikaitazama.

"Wewe themosi, mwambie huyo aliye nje kwamba ndoana imeingia kwenye kidole changu."

Kumbe mama alikuwa anafunga jigi lake mwenyewe, kwa siri, bila kijiriwa, ndoana kaishika kwa vidole. Alikaza uzi, uzi ukakatika, mkono wa pili ukaenda na ndoana.

"Themosi," nikasema, "muulize Mama imeingia kiasi gani."

"Mwambie imeingia yote. Yamebaki manyoya."

Ndoana ikizama mpaka imepita mwiba wake, hairudi ilikotoka kwa kuvutwa tu. Nikaiambia themosi kwamba naweza kuita ambulensi. Themosi ikaniuliza, hao wa ambulensi si wanaume? Nikasema wengi wao ndiyo. Nikaiambia tunaweza kusubiri mke wangu arudi. Ikasema, "Arudi anikute na damu, na yeye mwenyewe mgonjwa? Hapana." Halafu ikaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwa mama yule: "Anajua kuitoa?"

Nilijua. Jirani aliwahi kunitoa moja shingoni. Lakini kuitoa ni lazima ushike mkono.

Kisha pazia likajigawa kidogo pembeni, mlango wa kioo ukasogea, na mkono wa kushoto wa mama mkwe wangu ukatoka nje, umefunikwa leso mpaka kwenye kifundo. Kwenye kidole gumba kulikuwa na jigi la waridi na jeusi, na hata katika hofu ile niliona kwamba lilikuwa limefungwa vizuri kuliko lolote nililowahi kufunga.

Nikapiga magoti. Nikaangalia pembeni, kwa heshima, nikagundua huwezi kutoa ndoana ukiangalia pembeni, nikaangalia. Nikapitisha uzi wa nailoni kwenye mpindo wa ndoana, nikakandamiza shingo yake ilale kwenye ngozi. "Themosi, mwambie Mama nitahesabu mpaka tatu," nikasema. Nikahesabu moja, mbili, nikavuta. Ndoana ikaruka ikagonga ukuta wa matofali. Mama akatoa neno moja la Kiluhya ambalo sitaliandika, kwa kuwa watoto wangu wanasoma. Nikaosha kile kidole kwa maji na dawa, nikakizungushia plasta, na mkono ukarudi ndani.

Nilitegemea kusikia mlango wa chumba ukifungwa. Badala yake nikasikia analia. Halafu akaniita. Hakumwita mtoto, wala themosi. Aliniita baba, kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe.

"Baba," akasema, "unamjua dada yake."

Nilijua kwamba mke wangu alikuwa na dada mkubwa, na kwamba alifariki baada ya kujifungua, kabla sijaingia katika ukoo ule. Mke wangu aliwahi kulisema mara moja, akageuza mazungumzo.

"Mtoto wake alipozaliwa nilikwenda," mama akasema. "Mume wake alikuwa kijana wa mjini, mcheshi. Akaniambia, Mama, mambo hayo ni ya zamani, njoo tule. Nikaona haya kukataa. Nikampa mkono. Nikakaa naye mezani, nikala. Wiki haikuisha. Damu ilianza kumtoka binti yangu jioni, na asubuhi hakuwepo. Nilimwosha mwenyewe. Wenzangu walisema ni hospitali. Labda ni hospitali. Lakini mkono ule ni mimi niliyeutoa."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti bado, chupa ya dawa mkononi. Miezi yote ile nilidhani mama huyu ananikwepa. Kumbe alikuwa ananilindia mke, kwa njia pekee aliyoijua, na alikuwa anaogopa kila siku aliyoamka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Halafu nikasikia zipu ya sanduku.

"Unafanya nini, Mama?"

"Naondoka. Ikiwa kuna baya limeingia nyumbani humu, niondoke nalo."

Hapo hasira zikanipanda, siwezi kukudanganya. Nikasema maneno mengi kwa pazia, na mengine hayakuwa na mpangilio. Nikamwambia akiondoka nani atamwinua mke wangu kitandani, nani atamwogesha yule mtoto, mimi niko barabarani mpaka usiku. Nikamwambia yeye hakutoa mkono safari hii, mimi ndiye niliyeushika, na kama kuna deni basi nije kudaiwa mimi, nina mabega. Nikamwambia nampenda binti yake. Hilo la mwisho kwetu halisemwi mbele ya mama mkwe hata kwa viboko, nami nililisema kwa sauti, huku jirani wa juu akipiga sakafu kwa ufagio.

Zipu ikasimama. Mama akasema, "Akirudi mzima, tutaona."

Walikuwa warudi saa tano. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Niliipigia simu kliniki kutoka kwa jirani, wakaniweka kwenye muziki. Nikarudi kibarazani. Nilijaribu kufunga jigi nikashindwa kuingiza uzi mahali pake. Ndani nilisikia mama akitembea kutoka mlango wa mbele hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, akiomba kwa Kiluhya, na kila alipolitaja jina la mke wangu lilifuatwa na jina la dada yake. Saa saba ulikuwa wakati wa kuruka ukuta kwenda kazini. Sikuruka. Nikasema waniandikie, wanifute, lolote.

Saa saba na nusu nikasikia gari la jirani. Mlango wa mbele ukafunguka, na sauti ya mke wangu ikaingia kabla yake, imejaa hasira: daktari alichelewa masaa mawili, mtoto amemtapikia gauni, ana njaa ya kufa, na kidonda, basi, kimekauka, wamesema hawatamwona tena mpaka mwezi ujao, na hili sanduku limewekwa hapa la nini?

Nilisikia tu mama akimvua viatu, akimkalisha, akimwuliza hapa panauma, na hapa, na hapa, na mke wangu akisema, Mama, una nini, nimekwambia kimekauka. Kisha sahani. Sahani nyingi. Kuku alikuwa amepikwa tangu asubuhi.

Kioo kikasukumwa. Pazia likavutwa lote, mpaka mwisho, pete zake zikalia. Kwa mara ya kwanza nikamwona mama mkwe wangu uso kwa uso: mwanamke mfupi, macho mekundu, plasta kidoleni. Mke wangu alikuwa nyuma yake ameshika kijiko hewani, mdomo wazi. Mezani palikuwa na viti vitatu.

Niliingia kwa mlango, si kwa ukuta, nikakaa pembeni ya kiti kama niliyeitwa polisi. Mama akapakua. Kwa binti yake akaweka paja, kwake akaweka shingo. Kuku wa huku huuzwa na firigisi yake imefungwa kwenye kifuko tumboni, na watu wengi huitupa. Kwetu haitupwi, wala haipewi mtu tu hivihivi. Ni ya mwenye nyumba, na anayempa ni mama wa nyumba hiyo. Mama akaichukua, akaiweka kwenye sahani yangu, akasubiri.

"Kula, baba," akasema.

Nikaitia mdomoni. Nilitafuna muda mrefu sana, nimeinamisha kichwa, maana machozi yalikuwa yanadondoka kwenye ugali na sikutaka mama wa watu aone.